Aldo Castellani: Daktari wa Fangasi Aliyepitia Entebbe



Ndugu msomaji, wengi wetu tunaishi na fangasi bila kuwajua. Ni yale mapunye kwenye vichwa vya watoto wa madrasa, choa inayochora duara mgongoni, na ule muwasho wa katikati ya vidole vya miguu unaowasumbua ndugu wengi hosteli. Tunakwenda dukani, tunauziwa tyubu ya dawa, tunapaka siku tatu, na muwasho ukipungua tunaacha. Wachache huuliza nani aliyethibitisha kwamba huu ni fangasi, na kama ni fangasi, ni yupi.

Yuko mtu aliyetumia zaidi ya miaka 60 ya maisha yake kuuliza maswali ya namna hiyo. Alikuwa Muitaliano, jina lake Aldo Castellani. Jina lake lilianza kujulikana huku kwetu, Entebbe, ukingoni mwa Ziwa Victoria, kwa ugonjwa ambao haukuwa wa fangasi kabisa. Hakuwa Muislamu, na utu uzima wake ulimkuta akiitumikia serikali iliyowamwagia sumu watu wa Ethiopia. Tunamsoma kwa sababu hizo zote. Jicho lake lilikuwa kali kwenye hadubini, na maisha yake yanaonyesha kwamba jicho kali peke yake halimtoshi mwanaelimu.

Kutenganisha vinavyofanana

Castellani alizaliwa Florence, Italia, katika miaka ya 1870. Alisomea udaktari katika mji huohuo na kuhitimu mwaka 1899. Kisha akaenda Bonn, Ujerumani, kujifunza elimu ya bakteria.

Huko alibuni kipimo kilichomtambulisha kwa wakubwa. Zama zile maabara zilikuwa zimeshajua kwamba majimaji ya damu ya mgonjwa wa homa ya matumbo huwafanya bakteria wa ugonjwa huo wagandane. Tatizo ni kwamba damu hiyohiyo wakati mwingine iligandisha hata bakteria wengine wanaofanana nao. Sasa mgonjwa anaumwa nini hasa? Castellani akachanganya majimaji ya damu na bakteria wa aina moja mpaka kinga zote zinazowahusu zikashikwa nao. Kisha akayapima yaliyobaki kwa bakteria wa aina ya pili. Yakiendelea kugandisha, kulikuwa na kinga za kweli dhidi ya aina hiyo ya pili. Yakinyamaza, ule ulikuwa mfanano tu.

Kipimo hicho alikitangaza mwaka 1902, na ndani yake mna mwelekeo wa maisha yake yote ya kisayansi, yaani kutenganisha vitu viwili ambavyo kwa macho ni kimoja.

Malale ya Uganda

Wakati huo London ilikuwa na shule mpya ya magonjwa ya nchi za joto chini ya Patrick Manson, na Castellani alikuwa amefika hapo. Habari kutoka Uganda zilikuwa mbaya. Mwaka 1901 madaktari ndugu wawili wa hospitali ya Mengo, Albert na Jack Cook, walitambua kwamba wagonjwa waliokuwa wakisinzia, wakikonda na kufa walikuwa na malale. Busoga na visiwa vya ziwa vilikuwa vikipoteza watu kijiji baada ya kijiji. Katika miaka michache iliyofuata walikufa zaidi ya watu 200,000.

Royal Society ya Uingereza ikatuma tume ya watu watatu mwaka 1902: George Low, Cuthbert Christy na Castellani. Manson alikuwa na dhana yake, kwamba malale yanaletwa na minyoo midogo ya filaria iliyoonekana katika damu za wagonjwa wengi. Low na Christy wakazunguka kupima damu za watu wa sehemu mbalimbali. Wakakuta minyoo ile kwa watu wa sehemu zisizo na malale, na malale sehemu zisizo na minyoo. Dhana ya mwalimu wao ikaanguka.

Castellani alibaki Entebbe na dhana nyingine. Katika maiti za waliokufa kwa malale alikuwa akiotesha bakteria wa aina ya streptokoki, akaamini ndiye chanzo. Mwezi Oktoba 1902 akatuma taarifa London kusema hivyo.

Kilichofuata kinastahili kusomwa polepole na kila anayesomea maabara. Castellani alitaka kumpata yule bakteria kwa wagonjwa walio hai. Akawa anawachoma sindano kiunoni na kuvuta maji ya uti wa mgongo, kisha anayazungusha kwa mashine ili chochote kilichomo kizame chini kiwe mashapo. Mwezi Novemba, katika mashapo hayo, chini ya hadubini, akaona mdudu anayejipinda na kuogelea. Alikuwa tripanosoma. Akapima mgonjwa mwingine, na mwingine, na kwa wengi akamkuta tena.

Hakuwa amemtafuta. Alikuwa na taarifa yake mwenyewe iliyokwisha kwenda London ikimtaja mhusika mwingine. Angeweza kuyaona yale kuwa uchafu wa damu ulioingia na sindano, akaendelea na streptokoki wake. Hata hivyo, kwa muda alisitasita. Machi 1903 alifika David Bruce, daktari wa jeshi aliyekuwa amethibitisha kule Zululand kwamba ugonjwa wa nagana wa ng'ombe huletwa na tripanosoma na kuenezwa na mbung'o. Castellani alimweleza alichokiona, nao wakaendelea kupima pamoja kwa wiki chache kabla hajaondoka. Bruce na wenzake, kwa msaada wa machifu waliotuma mbung'o kutoka wilaya zao, walionyesha kwamba palipo na mbung'o wa ziwani ndipo palipo na malale.

Baadaye watu hao waligombania sifa, kila upande ukidai haki ya ugunduzi, hata mwaka 1908 mabishano yakafika kwenye gazeti la The Times. Ubishi wenyewe umepitwa na wakati. Kwa maabara, kilichobaki ni utaratibu: chukua maji ya uti wa mgongo, yazungushe, angalia mashapo kwa jicho lisilo na hukumu ya kabla. Utaratibu huohuo, ukiongezewa tone la wino mweusi, ndio uliowapa mafundi wa maabara wa Afrika Mashariki njia ya kumwona kriptokoki, fangasi anayeshambulia utando wa ubongo kwa watu ambao kinga zao zimedhoofishwa na VVU. Wino hufanya giza pande zote, na fangasi huonekana kama punje yenye duara jeupe. Siku hizi kuna pia kipimo cha kijiti kinachotafuta alama za fangasi huyo katika damu au katika maji hayo ya mgongo.

Malale yalivyofika Mweru

Ugunduzi wa maabara ukishatoka nje ya mlango hugeuka amri. Nchini Uganda, kati ya mwaka 1906 na 1909, serikali iliwahamisha watu kutoka ukingo wa ziwa, na visiwa vya Ssese vikabaki bila wakazi. Malale yalikuwa yakitembea pia Kongo, yakafika bonde la Luapula na Ziwa Mweru. Mwishoni mwa muongo uleule, utawala wa kampuni ya Waingereza uliokuwa ukishika nchi inayoitwa leo Zambia uliwaondoa wanavijiji kutoka mito na fukwe za huko. Watu walioishi kwa samaki wakaambiwa wakae mbali na maji.

Sisi tunayo mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya kutoingia na kutotoka kwenye nchi yenye tauni, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kuzuia mwendo kwa ajili ya maradhi ni dhulma kwa asili yake. Lakini mvuvi wa Mweru hakuonyeshwa yule mdudu, wala hakuulizwa ale nini. Tuushike ufukwe huu akilini, kwa maana tutaurudia.

Colombo: miaka ya fangasi

Mwaka 1903 Castellani alikwenda Ceylon, nchi tunayoiita sasa Sri Lanka, kuongoza maabara ya bakteria mjini Colombo. Alikaa huko mpaka 1915. Mwaka 1905 aliona kwenye vidonda vya buba kijidudu chenye umbo la mzunguko, ndugu wa yule wa kaswende. Lakini kilichomteka zaidi ni fangasi.

Elimu ya fangasi wa binadamu ilikuwa na historia fupi. Huko Paris, katika miaka ya 1840, David Gruby alikuwa ameonyesha kwa hadubini kwamba mapunye ni kiumbe kinachoota kwenye nywele, na wengi hawakumjali. Miaka 50 baadaye Raymond Sabouraud alirudia kazi hiyo katika jiji hilohilo. Alitengeneza chakula cha maabara chenye sukari na peptoni ambacho fangasi hukipenda, na akasisitiza kwamba kila maabara itumie viungo vilevile, la sivyo fangasi mmoja ataonekana na sura kumi. Agari ya Sabouraud bado inatumika katika maabara za hospitali zetu.

Castellani alikuta Colombo maradhi ya ngozi ambayo vitabu vya Ulaya havikuyajua vizuri, ya watu wanaotoa jasho mwaka mzima. Alikwangua, akaangalia, akaotesha. Mwaka 1910 alieleza fangasi aliyetoa rangi nyekundu kwenye chakula cha maabara. Leo anaitwa Trichophyton rubrum, na duniani kote ndiye anayeongoza kwa kuleta fangasi wa miguu na wa kucha. Ule muwasho wa hosteli tulioanza nao, mara nyingi mwenyewe ni huyu.

Tumfuate kidogo maabara. Fundi husafisha ngozi kwa spiriti, kisha hukwangua ukingo wa kidonda, kwa sababu fangasi aliye hai yuko pembeni anakosonga mbele, na katikati mara nyingi pameshapona. Magamba hayo huwekwa kwenye kioo pamoja na tone la potasi kali, ambayo huyeyusha seli za ngozi na kuacha nyuzi za fangasi zikionekana wazi. Jibu la kwanza hutoka ndani ya saa moja, kwamba fangasi yupo au hakuonekana. Magamba mengine hupandwa kwenye agari, na hapo inahitajika subira, kwani fangasi wa ngozi huchukua wiki mbili mpaka nne kuota. Trichophyton rubrum huja na pamba nyeupe juu, na ukiigeuza sahani unaona wekundu wa divai chini. Mgonjwa aliyekuja akiwa ameshapaka dawa ya dukani siku tatu humharibia fundi kazi, kwani fangasi amedhoofika asiote, lakini hajafa.

Hapa pana faida kwetu tunaotawadha mara tano kwa siku. Fangasi huyu anapenda unyevu wa katikati ya vidole. Kupitisha maji baina ya vidole ni sunna. Kuvikausha baadaye na kuwa na kandambili zako mwenyewe ni kinga.

Kazi ya pili ya Castellani ilikuwa juu ya fangasi wa jamii ya hamira, wale wanaoleta utando mweupe mdomoni kwa watoto wachanga na kwa wagonjwa waliodhoofu. Kwenye hadubini wanafanana kama punje za mtama. Akatumia sukari kuwatenganisha. Aliwaweka kwenye vijaribio vyenye sukari mbalimbali, akaangalia ni ipi inachachuka na kutoa gesi. Mmoja aliyemweleza mwaka 1910 anaitwa leo Candida tropicalis. Huyu huchachusha sukari ya kawaida ya chai, ilhali ndugu yake mashuhuri, Candida albicans, hawezi. Mwenyewe fangasi ndiye anayejitambulisha kwa anachokula. Kutofautisha ndugu hawa kuna maana kubwa hospitalini, kwa sababu spishi zote hazisikii dawa sawasawa, na zikiingia kwenye damu ya mgonjwa wa wodi ya uangalizi maalumu muda ni mfupi.

Mwaka 1910 huohuo, pamoja na Albert Chalmers, alitoa kitabu cha tiba ya nchi za joto kilichokuja kuwa rejea ya madaktari wa makoloni. Toleo lake la tatu, la 1919, lilipita kurasa 2,000.

Alipovuka mpaka wa ushahidi

Ceylon hiyohiyo ndiko alikokutana na wagonjwa wanaokohoa kwa muda mrefu, waliokuwa wakihesabiwa kuwa na kifua kikuu. Kwenye makohozi yao hakukuta bakteria wa kifua kikuu, akakuta fangasi wa jamii ya hamira. Akasema huu ni ugonjwa peke yake, wa fangasi wa njia za hewa. Aliueleza hata miongoni mwa watu wa viwanda vya chai, waliokuwa wakivuta vumbi la majani siku nzima.

Swali lake lilikuwa zuri. Si kila anayekohoa ana kifua kikuu. Mpaka leo wapo wagonjwa wanaorudishiwa dawa za kifua kikuu mara ya pili na ya tatu ilhali mapafu yao yameshikwa na fangasi wa jamii ya Aspergillus aliyeota ndani ya mashimo yaliyoachwa na kifua kikuu cha zamani. Kumtambua kunahitaji picha ya kifua na kipimo cha kinga katika damu, na kipimo hicho hakipatikani kila mahali.

Lakini jibu lake lilivuka mpaka. Candida anaishi mdomoni mwa watu wengi wazima wa afya. Makohozi hupita mdomoni. Ukiotesha makohozi utamwota naye, na hilo halithibitishi kwamba ndiye anayekohoza. Waliokuja baada ya Castellani walijifunza kwamba nimonia ya kweli ya Candida ni nadra, na kwamba ili kuithibitisha unahitaji kumwona fangasi ndani ya nyama ya pafu lenyewe. Kule Entebbe mdudu alikuwa kwenye maji ambayo kwa mtu mzima wa afya hayana kiumbe yeyote. Kule Colombo alikuwa kwenye uchafu wa njiani. Jicho ni lilelile, na mahali sampuli ilipotoka ndipo palipobadilisha hukumu.

Ndiyo maana maabara nzuri haiandiki jibu la fangasi bila kuandika sampuli ilitoka wapi. Surat al-Hujurat inatuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Sahani yenye fangasi nayo ni habari.

Dawa nyekundu na wagonjwa wakubwa

Vita vya kwanza vya dunia vilimpeleka Castellani Serbia mwaka 1915, wakati homa ya chawa ilipokuwa ikiua askari na madaktari pamoja. Baada ya vita alihamia London. Alifundisha elimu ya fangasi, akafungua zahanati katika mtaa wa madaktari wa matajiri, na wafalme wakawa wagonjwa wake. Akapata pia uprofesa Marekani, huko Louisiana. Katika miaka ya 1920 alitengeneza rangi ya kupaka ngozini, nyekundu iliyoiva, yenye fuksini na fenoli. Ikaitwa rangi ya Castellani na ikatumika kwa fangasi wa vidole na mapaja kwa miongo mingi kabla ya dawa za sasa. Iliacha doa kwenye nguo, lakini ilifanya kazi, na bei yake ilikuwa nafuu.

Kismayu

Italia ilikuwa mikononi mwa Mussolini tangu 1922. Castellani alikuwa karibu naye, akawa seneta, na mwaka 1931 akapewa taasisi ya magonjwa ya nchi za joto mjini Roma. Oktoba 1935 Italia iliivamia Ethiopia, na Castellani akawekwa kuwa mkuu wa huduma za tiba za majeshi.

Kazi yake aliifanya kwa ustadi uleule. Maji ya kunywa, kwinini, chanjo, vyoo na hospitali zilizo karibu na mstari wa mbele vilisimamiwa vizuri, na jeshi lililotarajiwa kuangamizwa na malaria na kuhara lilipoteza watu wachache mno kwa maradhi. Upande wa pili wa mstari huohuo, ndege za Italia ziliwanyunyizia Waethiopia gesi ya haradali inayochoma ngozi na mapafu, na mwishoni mwa Desemba 1935 zikapiga mabomu hospitali ya Msalaba Mwekundu ya Waswidi huko Melka Dida. Walioungua ngozi hawakuwa na mtaalamu wa ngozi wa hadhi ya Castellani. Yeye alikuwa upande wa waliochoma.

Malipo yake yanatugusa kwa karibu. Mfalme wa Italia alimpa cheo cha ukabaila kilichobeba jina la Kismayu. Kismayu ni mji wa Waislamu, wa Wabajuni na Wasomali, bandari ya pwani yetu ya Waswahili iliyokuwa chini ya Waingereza pamoja na Kenya mpaka walipoikabidhi kwa Italia mwaka 1925. Jina la mji likatolewa zawadi kwa daktari, na wenye mji hawakuulizwa, kama vile mvuvi wa Mweru alivyokuwa hakuulizwa.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akimuomba Mwenyezi Mungu amlinde na elimu isiyonufaisha. Kwa kawaida tunaielewa dua hiyo kuwa ni juu ya elimu ya kubishana. Maisha ya Castellani yanatuonyesha sura nyingine, ya elimu inayonufaisha kweli kweli ila ikamnufaisha mwenye nguvu ili aendelee kumdhuru mnyonge. Kutibu askari majeruhi si dhambi, awe wa upande wowote. Kulitengenezea jeshi la uvamizi njia ya kusonga mbele, kisha kupokea cheo kwa jina la mji wa watu, ni jambo la kuulizwa siku ya hesabu.

Chupa za maji

Mwaka 1939 alitoa makala fupi juu ya jambo dogo sana. Maabara hulazimika kuwatunza fangasi wao kwa kuwahamisha kila baada ya wiki kadhaa kwenye chakula kipya, kazi inayochosha, na fangasi wenyewe hubadilika sura kadiri wanavyohamishwa. Castellani akaweka vipande vya fangasi kwenye chupa za maji safi yaliyochemshwa kwa mvuke na kutoneshwa, bila chakula chochote. Baada ya miezi mingi akawatoa, akawapanda, wakaota. Wengine walioijaribu njia hiyo baadaye waliwakuta fangasi wengi wakiwa hai hata baada ya miaka.

Njia hii haihitaji jokofu la baridi kali wala umeme. Pengine hiyo ndiyo zawadi yake kubwa kuliko zote kwa maabara maskini, na hakuna aliyempa cheo kwa ajili yake.

Vita vya pili vilimwangusha pamoja na waliompandisha. Alihudumu katika tiba ya majeshi ya Italia Afrika Kaskazini, na ufalme ulipoondolewa mwaka 1946 aliifuata familia ya kifalme uhamishoni Ureno. Akaendelea kufanya kazi katika taasisi ya magonjwa ya nchi za joto ya Lisbon. Katika uzee wake alikuwa bado akiandika juu ya chupa zake za maji. Alifariki Lisbon mwezi Oktoba 1971.

Kutoka Entebbe hadi Kenani

Turudi Mweru sasa. Katika wilaya ya Nchelenge ipo Kenani, kituo kilichofunguliwa mwaka 2017 kuwapokea Wakongo waliokimbia mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika. Wengi wao wanazungumza Kiswahili, kwa lafudhi yao ya Kongo. Kutoka hapo maelfu walipelekwa kwenye makazi ya Mantapala. Miaka mia moja na ushei baada ya watu kuondolewa ufukweni kwa amri, wengine wamefika kwa kukimbizwa.

Mtu anayevuka mpaka kwa kukimbia mara nyingi hana kadi ya kliniki wala daftari la hospitali. Watu wakilala pamoja, wakichangia shuka, kitana na wembe, mapunye na choa hutembea haraka. Mwenye kukohoa hajui kama alishamaliza dawa za kifua kikuu au la. Mwenye kichwa kinachouma wiki ya tatu hajui kama ni malaria au kriptokoki. Kumbukumbu yake ya tiba imo mwilini mwake, na njia ya kuisoma ni sampuli.

Kati yetu wapo wanaosomea maabara, udaktari, famasi na uuguzi, na baadhi watapangiwa vituo vya mpakani vya namna hii. Wataanza na vitu vinne vya bei ndogo: kisu cha kukwangulia, tone la potasi, hadubini na chupa ya wino. Ukiwa navyo, kwangua ukingo, usikwangue katikati. Muulize mgonjwa kwanza kama ameshapaka dawa, na uandike jibu lake. Andika sampuli ilitoka sehemu gani ya mwili. Usipoona fangasi, andika kwamba hakuonekana, usiandike kwamba hayupo. Ukimwona usiyemtarajia, mwangalie tena na umwite mwenzako, hata kama fomu imeshaandikwa dhana nyingine kwa mkono wa mkubwa wako. Hayo Castellani aliyajua vizuri, na tunayapokea kutoka kwake bila kinyongo, kwani hekima ni ya muumini popote anapoiokota.

Kisha mwambie mgonjwa ulichokiona, kwa lugha anayoielewa, umwachie nafasi ya kuuliza. Hili ndilo hakufanyiwa mvuvi wa Mweru, na Castellani alipewa miaka mingi ya kulijifunza asijifunze.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, macho yanayoona kilichopo, na moyo unaojua kilichoonwa ni amana ya nani. Wabillahi tawfiq.